Duka Langu la Daftarini

Mhariri wa gazeti letu ni kijana wa Kidato cha Tano, naye ni mtu mwenye subira. Alipokuja kwangu mwanzoni mwa muhula akaniomba niandike maneno machache juu ya kuanza biashara, kwa kuwa mimi ndiye nifundishaye utunzaji wa hesabu, nilimjibu, "Nitakuletea kesho." Kesho ile ilichukua majuma saba. Basi nimeona ni haki niandike juu ya ugonjwa huo huo wa kesho, maana naujua kuliko ninavyoijua biashara yenyewe.

Mwaka 2019 nilinunua kaunta buku la jalada gumu, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: DUKA. Nia yangu ilikuwa kufungua duka la vifaa vya shule hapa Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa, mahali wanapopita watoto kwa mamia asubuhi na jioni. Niliandika kwa utaratibu, kama niwafundishavyo wanafunzi wangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mtaji. Wa pili ulikuwa wa kodi ya fremu kwa miezi sita, kwa kuwa wenye fremu hawapendi kupokea kodi ya mwezi mmoja. Wa tatu ulikuwa wa rafu, kibao cha jina, na mashine ya kutolea kopi. Kisha nikaendelea mbele zaidi. Nilikadiria mauzo ya miaka mitatu, nikatoa gharama, nikapata faida nzuri. Hata uchakavu wa ile mashine niliuhesabu mwaka kwa mwaka, na mashine yenyewe sijapata kuigusa kwa mkono. Kufika mwaka 2023, kwa hesabu zangu, ilikuwa imekwisha chakaa nusu.

Msidhani ya kuwa nilikuwa mvivu. Kila mwaka nilikuwa na sababu, tena ya kweli. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona, na sisi hatukufungua mpaka mwisho wa Juni. Nani angefungua duka la madaftari? Mwezi wa Julai mwaka 2021 soko la Kariakoo liliungua, na Oktoba mwaka huo huo wamachinga waliondolewa kando ya barabara, nami nikasema, yafaa ningoje nione mambo yatakavyotulia. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 ilikuwa sensa, nami nilikuwa karani wa sensa kama walimu wengi. Nikasema, nikimaliza kuhesabu watu nitahesabu fedha. Hakuna hata moja katika sababu hizo iliyokuwa ya uongo, na hapo ndipo ilipo hatari. Mtu akijidanganya kwa uongo, siku moja aweza kujikamata. Walakini mtu ajidanganyaye kwa kweli hukaa miaka mingi akijiona mwenye busara.

Tena kungoja si bure, kama tudhanivyo. Mwaka ule wa 2019 mke wangu alipokea zamu yake ya mchezo wa akina mama, shilingi 400,000, akazitia zote katika kibubu akaniambia, "Mwalimu, hizi ni za duka." Hazikuliwa kwa anasa. Kwanza ulitokea msiba Songea, tukatoa nauli na rambirambi. Kisha mtoto wetu wa mwisho alilazwa siku tano. Kisha upepo wa masika uling'oa mabati mawili, na fundi hangoji. Fedha ya biashara isiyokuwa na biashara haina mwenyewe. Kila shida iliyopiga hodi mlangoni kwetu ilijua kibubu kilipo. Kama fedha zile zingekuwa madaftari juu ya rafu, msiba ungekuja vile vile, lakini tungeuza madaftari ishirini na kubaki na mengine.

Mwaka wa kwanza mke wangu alikuwa akiniuliza kila mwezi habari za duka. Mwaka wa pili aliniuliza mara moja moja. Mwaka wa tatu akaacha, nami nikafurahi moyoni, nikadhani sasa amenielewa. Usiku mmoja nilikuwa nasahihisha mitihani, nikamsikia akizungumza na dada yake kwa simu uani. Sijui aliulizwa nini, ila jibu nililisikia: "Mwalimu ana duka. Liko daftarini." Akacheka kidogo, wakaendelea na habari nyingine. Sikuweza kusahihisha tena usiku ule.

Sasa nitawaeleza habari za mama mmoja ambaye wanafunzi wote wa shule yetu wanamjua, ijapokuwa jina lake sitaliandika, kwa kuwa hajaniruhusu. Ni yule auzaye vitumbua ng'ambo ya barabara. Siku moja mwaka 2023 aliniita nikipita, akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Naomba unifundishe kuandika hesabu. Fedha naiona inaingia, naiona inatoka, lakini sijui ipi ya vitumbua na ipi ya kalamu." Nikamwuliza, kalamu zipi? Akafunua ndoo ya plastiki iliyokuwa chini ya meza. Mlikuwa na madaftari, kalamu za bluu na nyekundu, rula, vifutio na mikebe ya hesabu. Nilikuwa nimepita pale kila siku kwa muda mrefu, wala sikupata kuiona ile ndoo, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yanatafuta fremu.

Nilimwuliza alivyoanza. Alisema, mwezi wa Januari mwaka 2022 mtoto mmoja alikuja na shilingi 200 akiulizia kalamu. Akamwambia hana, mtoto akanunua vitumbua viwili akaenda shuleni bila kalamu. Jioni yule mama akafikiri, kama leo amekuja mmoja, kesho watakuja wangapi? Kesho yake alipokwenda Kariakoo kununua mchele wa vitumbua alipitia duka la jumla akachukua boksi moja la kalamu 50 kwa shilingi 8,000 na dazeni moja ya madaftari kwa shilingi 6,500. Nauli hakuihesabu, maana safari ile angekwenda hata hivyo. Kalamu aliziuza shilingi 200 kila moja, na daftari shilingi 700. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kufanya hesabu hiyo: alitoa shilingi 14,500, akapokea shilingi 18,400, akapata faida ya shilingi 3,900. Ni faida ndogo. Lakini duka langu mimi, lenye rafu na kibao, lilikuwa bado halijauza hata kifutio kimoja.

Nilikubali kumfundisha, na kwa muda wa mwezi mmoja nilikaa naye kila Ijumaa saa kumi. Nawaambieni kweli, mwanafunzi alikuwa mimi. Nilimfundisha kugawa ukurasa mara mbili, fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, na kutenga ya vitumbua na ya vifaa vya shule. Yeye naye alinifundisha mambo ambayo hayamo katika kaunta buku langu. Madaftari huuzwa sana Januari shule zinapofunguliwa, na tena Julai. Lakini ukijaza ndoo mwezi wa Mei utayatazama mpaka uchoke. Rula na mikebe huulizwa Septemba, wakati wa mtihani wa Darasa la Saba, na Novemba, wakati wa mtihani wa Kidato cha Nne. Kalamu huuzwa siku zote, kwa sababu watoto huzipoteza siku zote. Alinieleza pia kwamba masika ya kwanza mvua ilipenya turubai lake usiku, ikamharibia madaftari dazeni mbili, na ndipo aliponunua ile ndoo yenye kifuniko. Nilirudi nyumbani nikapekua hesabu zangu za miaka mitatu. Niliona nimegawa mauzo sawasawa kwa miezi kumi na miwili, Mei sawa na Januari. Wala katika daftari langu haikunyesha mvua hata tone moja.

Hayo ndiyo mambo ambayo asiyeanza hawezi kuyajua, hata awe na elimu gani. Sisemi kwamba mpango haufai; mimi naula mkate wangu kwa kufundisha mipango. Nasema kwamba yule mama alianza kwa shilingi 14,500, mvua ikamtoza ada ya madaftari dazeni mbili, akahitimu. Mimi nilitaka kuhitimu kwanza ndipo nianze.

Lakini bado sijasema neno lenyewe. Kama shilingi 14,500 zatosha kuanza, na mimi nina mshahara, mbona sikuanza? Nimelitafakari sana jambo hili, na jibu lake halipendezi. Niliona haya. Nilitaka fremu si kwa sababu kalamu haiuziki mezani, bali kwa sababu sikutaka mzazi wa mwanafunzi wangu apite katika daladala anione Mwalimu nimekaa nyuma ya meza kando ya barabara. Kibao, rafu na mashine ya kopi vilikuwa nguo za kunisitiri. Na wengi waliokwama nawaona ni wenzangu katika hili. Huku kwetu Temeke na kule Kinondoni utasikia kila mtu akisema, "Sina mtaji." Ukimsogelea vizuri utaona kwamba mtaji anao wa kuanzia kidogo, ila anaogopa kuonekana mdogo.

Na haya hii, nikitazama asili yangu, sina haki nayo hata kidogo. Wazee wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba, na ijapokuwa karani na mwalimu wa kawaida hawakuwa viongozi wakubwa, fikira ilienea kwamba biashara si kazi ya mtu wa ofisi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wengi wa Dar es Salaam wakawa wanakimbizwa mitaani wakiitwa wasio na kazi. Lakini katika miaka hiyo hiyo mshahara ulikwisha nguvu, haufiki mwisho wa mwezi, na wafanyakazi wa mji huu wakaanza ile iliyoitwa miradi midogo midogo: kuku uani, maandazi, barafu, ng'ombe wa maziwa. Mama yangu alikuwa muuguzi. Aliamka saa tisa usiku akakaanga maandazi, na mimi kabla ya kwenda shule nilipita nayo nyumba kwa nyumba Temeke, ndoo kichwani. Hakungoja sera ibadilike. Masharti yale ya Azimio yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha vaa sare zilizotokana na maandazi. Mtu aliyesomeshwa na ndoo, akishasoma, anaionea haya meza! Naandika haya ili wanafunzi wasome, lakini zaidi nayaandika ili niyasome mimi.

Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mhasibu wa kuajiriwa alipoanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Watu hupenda kutaja makampuni yake na viwanda vyake. Mimi hupenda kufikiri juu ya kalamu zile zimetandazwa ndani ya nyumba ya mhasibu, na wageni wakibisha hodi.

Yafaa sasa niseme na vijana wetu wanaomaliza Kidato cha Nne na cha Sita. Namfahamu kijana mmoja wa Tandale, aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye alijiunga na wenzake katika kikundi ili wapate mkopo wa halmashauri, ile mikopo isiyo na riba itokayo katika asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, wala sitaki mtu alidharau. Kikundi kilikuwa na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ila hakikuwa na kazi. Walikuwa watafanya kazi mkopo ukija. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kutengeneza utaratibu, na mwaka 2024 ndipo ukatangazwa utaratibu mpya. Muda wote huo mwenyekiti alibaki mwenyekiti na katibu akabaki katibu. Nilipokutana na kijana wangu nikamwuliza wafanya nini sasa, alinijibu, "Mwalimu, tunasubiri." Nilitaka kumkemea, nikakumbuka kaunta buku langu, nikanyamaza.

Wengine husema, leseni na kodi ndizo zinazotuzuia. Mimi nami niliziandika katika daftari, ukurasa mzima. Lakini Desemba mwaka 2018 Rais John Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vilikusudiwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, ili wafanye kazi bila kubughudhiwa. Gawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka utaona ni kama shilingi 11,000 kila siku. Meza yangu ya kwanza isingefika huko. Na namba ya mlipa kodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Nilikuwa nimeogopa mambo ya mwenye duka kubwa kabla sijawa hata na meza.

Wala mtu asinielewe vibaya akaona nawahimiza watu wakimbilie madeni. Jirani yetu mmoja alichoka kungoja akaenda kukopa ile mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, akafungua saluni yenye vioo kila upande. Miezi minne baadaye walikuja kumchukulia televisheni na mtungi wa gesi, na vioo akaviuza mwenyewe. Watu wakasema alikuwa na haraka. Mimi naona ugonjwa wake na wangu ni mmoja. Yeye hakutaka kuonekana mdogo akaruka. Mimi sikutaka kuonekana mdogo nikakaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekubali kuanza na kile alichoweza kukibeba kwa mikono yake.

Nanyi wazazi, nina neno dogo. Mtoto wa kike wa darasa langu aliacha kuuza ubuyu nyumbani kwao wakati wa likizo kwa sababu baba yake alimwambia majirani watadhani hawana chakula. Siku chache baadaye baba huyo huyo alikuja shuleni kuniuliza tunawafundisha watoto kujitegemea namna gani. Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilimwambia mke wangu, "Mama, nataka tuanze." Hakuinua macho, alikuwa anachambua mchele. Nikasema sitaki fremu. Nataka meza barazani kwetu, hapa hapa Chamazi, mbali na shule, isije ikasemwa Mwalimu anawalazimisha wanafunzi wake kununua kwake. Akaniuliza utauza nini. Nikasema madaftari na kalamu. Akacheka, ila safari hii alicheka mbele yangu. "Madaftari ni Januari na Julai," alisema. "Sasa hivi ni Agosti. Utakula nini mpaka Januari?" Yeye hakuwa na kaunta buku, lakini jambo lile alikuwa akilijua miaka yote minne, nami sikupata kumwuliza. Akaniambia tunalo friji, tuuze barafu za ubuyu kwanza, na kalamu ziwe pembeni.

Tulianza Jumamosi kwa shilingi 20,000. Saa mbili asubuhi nilikaa nyuma ya meza nikafungua gazeti mbele ya uso wangu, nikijifanya nasoma. Mtu wa kwanza alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili wa shule yetu. Sikujua kama wanakaa mtaa ule. Alisimama akanitazama, nami sikujua pa kuweka macho. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Naomba barafu mbili na kalamu nyekundu." Nikampa, akanipa fedha, akaenda zake. Hakugeuka nyuma wala hakucheka. Jumatatu darasani hakuna aliyesema neno, ila kijana mmoja aliinua mkono akaniuliza kama barafu zikiyeyuka umeme unapokatika huandikwa upande gani wa hesabu. Lilikuwa swali zuri, na darasa zima lilitaka jibu, maana usiku wa Jumapili umeme ulikuwa umekatika kweli na mimi nilikuwa nimepoteza barafu thelathini.

Jumamosi ya pili jioni mke wangu alihesabu fedha mara mbili: shilingi 9,300. Akanipa kalamu niandike. Nilikwenda kulileta lile kaunta buku, nikafungua, na kurasa nyingi zilikuwa zimejaa. Nikaandika chini kabisa ya ukurasa wa uchakavu wa mashine.